Dawa ya Moto si Moto: Lugha na Utulizaji wa Maumivu ya Mtoto Aliyeungua

UTANGULIZI

Waswahili husema kwamba dawa ya moto ni moto. Methali hii hutumika aghalabu katika mazingira ya ushindani na ulipizaji kisasi, na wapo wanaoifasiri kwa upana zaidi kwamba ukali hauna budi kukabiliwa kwa ukali. Katika shughuli nyingi za maisha busara hiyo ina mahali pake. Hata hivyo, pana mahali pamoja ambapo methali hii ikichukuliwa jinsi ilivyo hugeuka kuwa ukatili. Mahali hapo ni kando ya kitanda cha mtoto aliyeungua, wakati bendeji yake inapobanduliwa ili kidonda kisafishwe na kufungwa upya.

Ajali zinazowafikisha watoto wadogo kitandani hapo ni za kawaida mno katika nyumba zetu. Sufuria ya uji iliyotuliwa sakafuni, birika la chai lililowekwa ukingoni mwa meza, jiko la makaa lisilo na kizuizi, koroboi iliyopinduka usiku. Yoyote kati ya hizi yatosha. Mmweko wenyewe huchukua sekunde chache. Uuguzi wake huchukua wiki nyingi, na katika wiki hizo kidonda hufunguliwa, huoshwa, hupakwa dawa na kufungwa tena na tena, pengine kila siku. Tendo hili halina hiari, kwa maana pasipo kuondolewa ngozi iliyokufa na uchafu, kidonda huingia vijidudu na uhai wa mtoto huwa hatarini. Lakini ulazima wa tendo haumaanishi ulazima wa mateso. Hayo ni mambo mawili, na kuyachanganya ndilo kosa ambalo limewagharimu watoto wengi.

Makala hii inadhamiria kueleza maumivu hayo yanatokana na nini, yanavyopimwa kwa mtoto asiyeweza kujieleza, yanavyotulizwa, na hasa dhima ya lugha katika kazi nzima. Hoja yake kuu ni kwamba maumivu ya mtoto hayawezi kutulizwa kabla ya kuaminiwa, na kwamba kuaminiwa huko huanzia katika neno.

KWA NINI KUBADILISHA BENDEJI KUNAUMA

Ngozi ina ncha nyingi za neva ambazo kazi yake ni kuutahadharisha mwili dhidi ya madhara. Ungulio la juujuu huziacha ncha hizo zikiwa hai na wazi, ndiyo sababu huuma sana. Ungulio la kina huziharibu kabisa, na hapo ndipo hutokea kauli inayosikika mara kwa mara kwamba kidonda kirefu hakiumi. Kauli hiyo ni kweli nusu. Ni nadra kwa kidonda kuwa na kina kimoja kotekote. Pambizo zake na sehemu zinazokizunguka huwa na neva zilizosalimika, na neva hizo huuma.

Aidha, mwili unapojitibu hutoa kemikali ambazo huzifanya neva za jirani kuwa nyepesi kuhisi kuliko kawaida. Kitu ambacho jana hakikuumiza, kama vile upepo wa dirishani au mguso wa shuka, leo huumiza. Ongeza hapo shashi iliyokauka na kugandamana na nyama changa. Inapong'olewa ikiwa kavu, hung'oka pamoja na sehemu ya nyama hiyo, na kidonda kilichokuwa kinaanza kufunga hujeruhiwa upya.

Kwa hiyo wataalamu hutofautisha maumivu ya aina mbili. Kuna maumivu ya kudumu, yale anayolala nayo na kuamka nayo mgonjwa, na kuna maumivu ya tendo, yale yanayozuka kwa ghafla na kwa ukali wakati kidonda kinaposhughulikiwa. Dawa inayotosha kwa yale ya kwanza haitoshi kwa haya ya pili. Mtoto aliyekunywa dawa ya asubuhi na akalala vizuri hajaandaliwa kwa ajili ya meza ya kuoshea kidonda.

Lipo pia jambo la tatu, nalo ni hofu. Mnamo mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza nadharia ya lango, kwamba ujumbe wa maumivu ukipanda kuelekea ubongoni hupitia katika uti wa mgongo mahali panapofanya kazi kama lango, na kwamba ubongo wenyewe huweza kutuma ujumbe wa kulifungua zaidi au kulifunga lango hilo. Ingawa vipengele kadhaa vya nadharia hiyo vimerekebishwa tangu wakati huo, wazo lake la msingi limesalia: hofu na upweke huyazidisha maumivu, ilhali utulivu na kushughulishwa kwa akili huyapunguza. Waswahili walilijua hili kwa njia yao waliponena kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mtoto aliyeteseka siku ya kwanza huanza kulia siku ya pili akisikia tu magurudumu ya kitoroli cha dawa ukumbini. Maumivu ya siku ya tatu huanzia hapo, kabla bendeji haijaguswa. Ndiyo maana siku ya kwanza ina uzito kuliko zote.

HISTORIA YA KUTOAMINIWA

Msomaji atashangaa kusikia kwamba hadi katikati ya miaka ya 1980, katika hospitali zilizosifika za nchi tajiri, watoto wachanga wengi walipasuliwa wakiwa wamepewa dawa ya kulegeza misuli lakini bila dawa ya kutosha ya kuzuia maumivu. Iliaminika kwamba neva za mtoto mchanga hazijakomaa kiasi cha kuhisi, kwamba hatakumbuka, na kwamba dawa zenyewe zingemdhuru zaidi. Mwaka 1987 K. J. S. Anand na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet utafiti juu ya watoto njiti waliofanyiwa upasuaji. Waliopewa fentanili, dawa kali ya maumivu, miili yao ilionyesha misukosuko michache na matatizo machache baada ya upasuaji kuliko wenzao ambao hawakupewa. Imani ya miaka mingi ilianza kuporomoka.

Funzo la kisa hiki halihusu sayansi peke yake. Watoto wale walilia. Ithibati ilikuwepo siku zote, imeandikwa katika nyuso na katika sauti. Iliyokosekana ni hiari ya kuisoma. Kilio kilihesabiwa kuwa kelele, wala hakikuhesabiwa kuwa kauli.

Katika jamii zetu kutoaminiwa huku kuna sura nyingine. Uvumilivu ni sifa inayoenziwa na tamaduni nyingi za Kenya, na mvulana anayepitishwa jandoni hutarajiwa asipepese jicho. Wapo wanaolihamisha tarajio hilo hadi wodini na kumwambia mtoto wa miaka minne: "Jikaze, wewe ni mwanamume." Ulinganisho huu hauna mashiko. Kijana wa jandoni huandaliwa kwa muda mrefu, hujua maana ya tendo, huzungukwa na rika na wazee wake, na akitoka hapo hupanda daraja katika jamii. Tendo lake hutendeka mara moja. Mtoto aliyemwagikiwa na uji hakuandaliwa, haelewi kwa nini watu wazima wamemshika mikono na miguu, na kesho litarudiwa lilelile. Kumdai ujasiri wa jando ni kumdai deni ambalo hakulikopa.

KUKIPIMA KISICHOONEKANA

Maumivu hayaonekani kwa darubini wala hayapimwi kwa mizani. Mwenye kuyajua ni mwenye nayo, kwani adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Elaine Scarry, mhakiki wa fasihi, alihoji katika kitabu chake The Body in Pain cha mwaka 1985 kwamba maumivu makali huiangamiza lugha, yakamrudisha mtu katika milio na vilio vilivyotangulia maneno. Ikiwa hivyo ndivyo kwa mtu mzima mwenye msamiati kamili, je, mtoto ambaye ndiyo kwanza anajifunza kusema?

Kwa watu wazima, Melzack alitunga mwaka 1975 katika Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, hojaji iliyokusanya maneno 78 ya Kiingereza yanayoeleza maumivu na kuyapanga katika makundi 20. Mgonjwa huchagua neno linalomfaa. Ni kazi ya kitabibu, lakini mwanaisimu ataitambua mara moja kuwa ni kazi ya semantiki. Kwa mtoto mdogo njia hiyo haifai.

Ufumbuzi mmoja ulizuka, kwa namna inayofaa sana mada hii, katika kitengo cha majeraha ya moto. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika hospitali moja mjini Tulsa, jimbo la Oklahoma, Marekani, Donna Wong na Connie Baker walitambua kwamba watoto walioungua walishindwa kuyaeleza maumivu yao kwa tarakimu. Waliwapa watoto duara tupu na kuwaomba wachore nyuso, kuanzia uso usio na maumivu hadi uso wenye maumivu kupita yote. Kutokana na michoro hiyo ya watoto kukapatikana kipimo cha nyuso sita ambacho sasa kinajulikana duniani kote. Mtoto wa miaka mitatu na zaidi huonyesha kwa kidole uso unaofanana na hali yake. Huelezwa pia kwamba si lazima awe analia ndipo aruhusiwe kuuchagua uso wa mwisho wenye machozi.

Kwa mtoto mchanga zaidi, au aliyeelemewa kiasi cha kushindwa kuonyesha, kuna kipimo kinachoitwa FLACC, kilichochapishwa mwaka 1997 na Sandra Merkel na wenzake wa Michigan. Muuguzi hutazama mambo matano: uso, miguu, mwendo wa mwili, kilio, na iwapo mtoto anabembelezeka. Kila jambo hupewa alama kuanzia 0 hadi 2, hivyo jumla haizidi 10. Kipimo hiki hakihitaji karatasi maalumu wala mashine. Kinahitaji macho na dakika chache.

Mwaka 2020 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Maumivu lilirekebisha fasili yake ya maumivu iliyodumu tangu 1979. Miongoni mwa maelezo yaliyoambatanishwa ni kwamba usemi ni njia moja tu kati ya nyingi za kudhihirisha maumivu, na kwamba kutoweza kujieleza hakuondoi uwezekano wa kuumia. Kilio cha mtoto kikapewa hadhi ya kauli.

SARUFI YA MAUMIVU KATIKA KISWAHILI

Iwapo mtoto huulizwa kwa Kiswahili, basi Kiswahili ni sehemu ya vifaa vya tiba, na ni vyema kuchunguza kifaa hiki kimeundwa vipi.

Kwanza, Kiswahili hutumia kitenzi kimoja, kuuma, kwa jino la mbwa na kwa maumivu ya mwili. Mtoto asemapo "mkono unaniuma", mkono ndio mtenda na yeye ndiye mtendwa. Sehemu ya mwili wake imemgeuka na kumvamia. Akimlalamikia muuguzi, hubadili kauli: "Unaniumiza!" Hapo kiambishi kimoja cha usababishi kimemhamisha mtenda kutoka mkononi hadi kwa mtu. Msikilizaji makini atatambua kwamba mtoto hajasema jambo lilelile mara mbili. Kauli ya kwanza inaeleza maumivu ya kudumu, ya pili inaeleza maumivu ya tendo.

Pili, ngeli za mahali zinatupa utaratibu wa uchunguzi ambao hauhitaji istilahi yoyote ngeni. Swali "Hapa panauma?" huulizia mahali mahususi panapogusika. "Huku kunauma?" huulizia eneo pana lisilo na mipaka dhahiri. "Humu mnauma?" huulizia undani. Mtoto aliyelelewa katika Kiswahili huzijua tofauti hizi kabla ya kuingia shuleni, japo hawezi kuzitaja. Kwa muuguzi anayetaka kujua iwapo maumivu yako ukingoni mwa kidonda au yameenea mkono mzima, pa, ku na mu ni msaada mkubwa.

Tatu, tunao msamiati wa aina za maumivu. Jipu hupwita, kichwa huwanga, tumbo husokota, kovu jipya huwasha. Kitenzi choma kinastahili tahadhari ya pekee. Huchoma moto, huchoma mwiba, na kutokana nacho tumepata kichomi. Katika maeneo mengi ya Afrika Mashariki sindano nayo huchomwa, ingawa nchini Kenya wengi husema hudungwa. Mtoto aliyechomwa na maji moto wiki iliyopita anaposikia "tutakuchoma kidogo tu", anasikia nini? Mtu mzima hutofautisha maana kwa muktadha. Kwa mtoto, huenda neno hilo lina muktadha mmoja tu. Kuchagua kudunga badala ya kuchoma hakugharimu chochote.

Nne, tafsiri ya vipimo. Nyuso sita za Wong na Baker huambatana na maneno yanayopanda ngazi, na mtafsiri wa Kiswahili hukabiliwa na tatizo la kupata ngazi sita zinazotofautika sikioni mwa mtoto. Haiumi, inauma kidogo, inauma zaidi kidogo, inauma zaidi, inauma sana, inauma kupita kiasi: je, mtoto atatofautisha ya tatu na ya nne? Aidha, kuna suala la maumivu na uchungu. Neno uchungu hubeba ladha ya dawa, utungu wa uzazi na huzuni ya moyo kwa pamoja, kwa hiyo mtoto anayeulizwa "Una uchungu?" anaweza kujibu kuhusu hasira yake. Kazi hii ya tafsiri haiwezi kuachiwa madaktari peke yao. Ni uwanja wa utafiti unaowasubiri wanafunzi wa isimu na tafsiri.

DAWA NA WAKATI WAKE

Lugha peke yake haitoshi, na ingekuwa udhalimu mwingine kumpa mtoto hadithi badala ya dawa. Kanuni ya kwanza ya utulizaji ni kutangulia. Dawa ya kunywa huhitaji muda kabla ya kufika kilele cha nguvu zake, kwa kawaida kati ya nusu saa na saa moja au zaidi. Ikitolewa wakati bendeji tayari imefunguliwa, itafanya kazi mtoto akiwa amekwisha kurudishwa kitandani.

Kwa maumivu madogo hutumika parasetamoli na, pale ambapo hakuna kizuizi cha kitabibu, ibuprofeni. Kwa maumivu makali huhitajika dawa za jamii ya afyuni, kuu ikiwa ni mofini. Zamani kodeini ilitumiwa kama daraja la kati, lakini imebainika kwamba mwili wa kila mtu huigeuza kodeini kuwa mofini kwa kiwango tofauti. Mtoto mmoja hapati nafuu yoyote na mwingine hupata kiasi cha kuhatarisha pumzi yake. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataza isipewe watoto walio chini ya miaka 12.

Dawa nyingine muhimu ni ketamini. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1970, na upekee wake ni kwamba humtenga mtoto na maumivu yake huku kwa kawaida pumzi ikiendelea. Macho yanaweza kubaki wazi, lakini mtoto "hayupo". Kwa sababu hiyo imekuwa nguzo ya tiba katika hospitali zenye uhaba wa wataalamu wa nusukaputi. Si dawa isiyo na madhara, kwani huweza kuleta njozi za kutisha na mate mengi, na kama mofini huhitaji mtu aliyefunzwa, vifaa vya kusaidia pumzi na uangalizi hadi mtoto atakapoamka kabisa. Dawa hizi mbili zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Pia kuna utulizaji usiotoka katika chupa. Shashi ikiloweshwa maji safi ya vuguvugu hubanduka bila kurarua. Shashi iliyopakwa mafuta maalumu haigandamani na kidonda. Bendeji zenye madini ya fedha huweza kuachwa kwa siku kadhaa, na bendeji ikibadilishwa mara mbili kwa wiki badala ya mara saba, mateso matano yameepukwa kabla dawa yoyote haijatajwa.

NENO, HADITHI NA KITENDAWILI

Kauli inayosikika zaidi kando ya vitanda hivi ni "Nyamaza, haiumi." Ni kauli ya huruma, lakini ni uwongo, na mtoto ndiye shahidi wa kwanza wa uwongo huo. Akishadanganywa mara moja, hana sababu ya kuamini ahadi ya pili. Watafiti wa saikolojia ya watoto wamebaini kwamba hata maneno ya kumhakikishia mtoto kuwa yote ni sawa, yakirudiwarudiwa wakati wa tendo, aghalabu huandamana na dhiki kubwa zaidi, pengine kwa sababu humwashiria kwamba mzazi naye anaogopa. Kwa upande mwingine, onyo la kutisha nalo hudhuru. Utafiti wa Elvira Lang na wenzake wa mwaka 2005, uliofanywa kwa watu wazima, ulionyesha kwamba kumwonya mgonjwa kwa maneno yanayotaja maumivu kuliongeza maumivu na wasiwasi, na kwamba kumpa pole kwa maneno hayohayo kuliongeza wasiwasi.

Je, lisemwe nini basi? Lisemwe lililo kweli, kwa ufupi, na kwa lugha ya hisi badala ya lugha ya woga: "Sasa utasikia maji. Yana vuguvugu. Ukitaka tupumzike, sema 'ngoja', nasi tutangoja." Neno hilo moja, ngoja, likiheshimiwa, humrudishia mtoto sehemu ya mamlaka ambayo ajali ilimnyang'anya. Lisipoheshimiwa ni afadhali lisingalitolewa.

Baada ya ukweli hufuata kuishughulisha akili. Katika Chuo Kikuu cha Washington na kituo cha majeraha ya moto cha Harborview, Seattle, Hunter Hoffman na David Patterson walibuni mchezo wa kompyuta uitwao SnowWorld. Mgonjwa huvaa kifaa machoni na kujikuta katika bonde la barafu, akirusha madonge ya theluji huku kidonda chake kikishughulikiwa. Theluji ilichaguliwa makusudi iwe kinyume cha moto. Ripoti yao ya mwaka 2000 kuhusu vijana walioungua ilionyesha kwamba maumivu yalipungua zaidi kwa teknolojia ya namna hiyo kuliko kwa michezo ya kawaida ya video. Siri yake ni kwamba ubongo una kiasi maalumu cha umakini. Sehemu kubwa ikitumiwa kwingine, maumivu hubakiwa na kidogo.

Vifaa hivyo ni ghali. Hata hivyo, kanuni iliyo nyuma yake si ngeni kwa fasihi simulizi. Mtambaji akisema "Paukwa!", mtoto hujibu "Pakawa!", na kwa jibu hilo anakuwa ameuvuka mlango wa ulimwengu mwingine. Mwega akisema "Kitendawili!", mtoto husema "Tega!", kisha hulazimika kufikiri. Nyumba yangu haina mlango, ni nini? Anayelitafuta yai akilini mwake hawezi kwa wakati uleule kuutazama mkono wake kwa umakini wake wote. Kinachotofautisha tanzu hizi na redio inayosikika kwa mbali ni ule ushiriki wa hadhira ambao wanafasihi hufundishwa tangu mwaka wa kwanza, yaani mtoto hawi msikilizaji tu bali mshiriki. Isitoshe, anayetamba anaweza kuwa mama mwenyewe, ambaye mara nyingi huamriwa asubiri nje ya mlango akisikia mayowe. Akipewa kazi ya kutega vitendawili kichwani pa mwanawe, huacha kuwa mtazamaji wa mateso. Ila lirudiwe: hadithi huja baada ya dawa, wala haichukui nafasi yake.

HAKI NA UHABA

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na katika kifungu cha 53 inamtaja mtoto mahususi na kuagiza kwamba maslahi yake yapewe uzito wa kwanza. Mwaka huohuo shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti kuhusu watoto wa Kenya iliyoonyesha kwamba ni hospitali chache mno za umma zilizokuwa na mofini ya kunywa. Vikwazo vilivyotajwa havikuwa vya fedha tu. Mofini ya kunywa si dawa ghali. Vilihusu pia mafunzo haba na mtazamo wa kisera uliotilia mkazo matumizi haramu ya dawa za jamii hiyo kuliko tiba.

Jirani yetu Uganda aliwahi kuonyesha kwamba njia ipo. Hospice Africa Uganda ilianzishwa mwaka 1993, na mofini ya maji inayochanganywa kutokana na unga ikawa msingi wa huduma yake. Mnamo mwaka 2004 kanuni zilibadilishwa ili wauguzi na maafisa wa kliniki waliopata mafunzo maalumu waruhusiwe kuiandikia wagonjwa. Mpango huo ulikusudiwa hasa kwa wenye saratani na UKIMWI, lakini unathibitisha jambo linalowahusu watoto walioungua pia: kizuizi kikubwa hakikuwa katika kemia ya dawa, kilikuwa katika maandishi ya sheria na katika woga wa watu.

HITIMISHO

Makala hii imeeleza kwamba maumivu ya kubadilisha bendeji yana sababu zinazojulikana, yanapimika hata kwa mtoto asiyesema, na yanatulika kwa dawa zilizokwisha kuthibitishwa, mradi zitangulie tendo. Imebainisha pia kwamba kila hatua ya kazi hiyo hupitia katika lugha: swali linaloulizwa, kitenzi kinachochaguliwa, ahadi inayotolewa na kutimizwa, hadithi inayotambwa.

Kuna kazi hapa kwa wapenzi wa Kiswahili. Vipimo vya maumivu vinahitaji tafsiri zilizojaribiwa kwa watoto wenyewe, wa Mombasa na wa Kisumu, wanaosema maumivu na wanaosema uchungu. Wauguzi wanafunzi wanahitaji masomo ya mawasiliano yanayoanzia katika lugha ya mgonjwa. Vitendawili na ngano zilizokusanywa kwa ajili ya tasnifu na kuachwa rafuni zinaweza kupelekwa wodini. Dawa ya moto ni moto, wahenga walisema, na katika vita huenda walisema kweli. Kwa mtoto aliyeungua, dawa ya moto ni maji ya vuguvugu, mofini iliyotolewa kwa wakati wake, na mtu mzima ambaye akiambiwa "inauma" hasemi "nyamaza", bali huuliza: "Wapi?"